Majibu ya Udongo

"Yunis binti Tobia!"

"Nipo!"

Makofi yakapigwa. Yunis akapita mbele, akapokea cheti chake kwa karani wa kata, akarudi kwenye jamvi akicheka kama mwali. Huyo Yunis hakujua kutofautisha b na d mpaka wiki moja kabla ya mtihani, na aliyemfundisha ni Dorkasi, kipofu, kwa kumfinyangia herufi zote mbili na kumwambia azishike huku na huku mpaka zimwingie. Sasa Dorkasi alikuwa ameshika pindo la khanga kwa mikono miwili, tayari kuinuka. Katika daftari la darasa jina lake lilikuwa la mwisho, likifuata la Yunis.

"Basi, ndugu wananchi," karani akasema, "hao ndio wote. Darasa la Mwalimu Sefania, watahiniwa thelathini na mmoja, waliofaulu thelathini na mmoja. Asilimia mia moja! Redio ya kata, zawadi ya darasa lisilo na aliyeshindwa, ni yenu!"

Vigelegele vikapanda mpaka ng'ombe wa jirani wakajibu. Dorkasi akabaki kainama, hajakaa wala hajasimama. Alifikiri pengine karani amekunja karatasi mapema. Alifikiri pengine wasioona wana orodha yao, itasomwa baada ya wimbo. Wimbo ukaimbwa, watu wakagawiwa chai, na orodha nyingine haikusomwa.

Sefania ndiye aliyekuja kumshika mkono. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mkulima wa viazi aliyemaliza darasa la saba, na serikali ilipotangaza kwamba kila mtu mzima lazima ajue kusoma, kijiji kikamchagua awafundishe.

"Shikamoo, mama Dorkasi. Usiwe na wasiwasi," alimwambia karibu na sikio. "Majibu yako yalikwenda kivyake, na cheti chako kitakuja kivyake. Ofisini Lushoto wanakishughulikia."

"Marahaba, mwalimu. Kwa hiyo nisubiri?"

"Subiri tu. Wala usijisumbue kuja darasani mpaka kifike."

Akaamini. Kwa nini asiamini? Huyu ndiye mtu wa kwanza katika maisha yake aliyemwambia kwamba anaweza. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka minne, na baba yake aliona hakuna haja ya kumtoa nyumbani. Mama yake akampa udongo. Kule juu ya Vuga hapakuwa na nyumba isiyopikia chungu cha Dorkasi. Lakini kila barua ya mwanawe Mika, aliyekuwa kibarua huko Muheza, ilimlazimu kumtafuta mtu wa kumsomea, na wasomaji walikuwa wakiruka yaliyowachosha na kuongeza yaliyowapendeza. Alitaka jina lake lisomwe miongoni mwa watu wanaojua kusoma. Alikitaka kile cheti kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuona aibu kusema hivyo.

Udongo mbichi una miiko yake milimani. Mwanamume hausogelei unapochimbwa, wala haugusi kabla haujapita motoni. Akiugusa chungu kitapasuka, na lawama ni za mfinyanzi. Kwa hiyo Sefania alimwandikia herufi kiganjani kwa ncha ya kidole, moja kila siku, na Dorkasi akaenda nayo nyumbani. Huko aliviringisha udongo ukawa nyuzi nyembamba, kama zile za kupambia shingo za vyungu, akazibandika juu ya kibao. Vibao vilipokwisha kuchomwa ndipo alipovileta darasani. Mwalimu akavipapasa huku amefumba macho, akisema hata yeye ni mwanafunzi. Wanawake wenzake walikuwa wakicheka, na Dorkasi akicheka kuwashinda.

Shida ya pili ilikuwa lugha. Kiswahili cha Dorkasi kilikuwa cha sokoni, cha kumshinda mnunuzi anayetaka kupunguziwa, na mtihani ungeulizwa kwa Kiswahili cha vitabuni. Sefania akaenda kumwona Bwana Rajabu, msimamizi wa mtihani, mtu wa Tanga mwenye suruali iliyonyooka pasi hata kwenye matope. Alirudi na furaha tele.

"Amekubali, mama. Maswali nitakugeuzia kwa Kishambaa. Utaandika kwa udongo. Watapima unachokijua, si usichokiona."

Siku ya mtihani, mwezi wa nane, Dorkasi alipewa kona ya ghala la kijiji, na Yunis, aliyekwisha kumaliza wake, akawekwa ashuhudie. Bwana Rajabu alilazimika kusimama nje ya mlango kwa ajili ya ule udongo mbichi, akisoma maswali kwa sauti mithili ya mtu anayebishana na ukuta, na Sefania kando yake akiyageuza kwa Kishambaa. Aandike jina lake. Aandike sentensi moja kuhusu kazi yake. Aandike nyingine yoyote aipendayo. Dorkasi akaviringisha nyuzi zake, akabandika. Kibao cha kwanza: DORKASI. Cha pili: NAFINYANGA VYUNGU. Cha tatu alikifikiria kwa muda mrefu, mpaka Bwana Rajabu akakohoa. NASOMA.

"Haya, lete," Bwana Rajabu akasema kutoka nje.

Yunis akaguta. "Hakiguswi, bwana! Kwanza kikauke, kisha kichomwe."

"Muda gani?"

"Jua likiwa zuri, wiki mbili."

Bwana Rajabu akatazama kilima, akatazama gari lake. Sefania akajitolea. Vikiiva, alisema, atavibeba mwenyewe mpaka ofisini Lushoto. Aliapa mbele ya wote kwa jina la Mungu, na Dorkasi alivichoma vibao vile peke yavyo, kwa magome makavu, bila kuchanganya hata na kibakuli. Vilitoka vizima. Alivigonga kimoja kimoja, vikalia vizuri, akamkabidhi mwalimu katika kapu lililotandikwa majani ya mgomba.

Sherehe ya vyeti ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Krismasi ikapita. Dorkasi aliuliza mara mbili kanisani, na mara zote mbili akajibiwa kwamba Lushoto wana kazi nyingi. Masika yakaingia. Ghala likajazwa maharage ya kijiji, darasa likahamia barazani kwa Sefania, na Dorkasi akachoka kusubiri. Akachukua fimbo yake akapanda, mvua ikinyunyiza, kwenda kumuuliza mwalimu nyumbani kwake uso kwa uso.

Aliijua nyumba kwa sauti ya redio kabla hajafika. Njia ilikuwa telezi, naye alikuwa peku, kama siku zote, maana miguu yake ilikuwa ikimweleza mengi kuliko fimbo. Mbele ya mlango, mguu wa kulia ukakanyaga kitu kigumu. Mwenye nyumba katandika vigae watu wasianguke, alijisemea, vizuri. Lakini kigae kilikuwa na matuta. Kidole gumba kikazunguka tuta moja, kikarudi kilikoanzia. O. Kikasogea, kikapanda, kikashuka, kikapanda tena, kikashuka. M.

Dorkasi akachuchumaa, akaiweka fimbo chini. Akafuta matope kwa kiganja. NASOMA. Nyuso za herufi zilikwisha kuanza kulika kwa nyayo za watu. Akasogeza mkono kushoto, akakuta kibao cha vyungu vyake. Akasogeza tena, mpaka kwenye kizingiti chenyewe, akakuta jina lake.

"Mama Dorkasi! Shikamoo!" Alikuwa Efrazia, mke wa mwalimu, anatoka jikoni. "Karibu, karibu, angalia usi..." Sauti ikamkatikia hapo. Efrazia alijua kusoma, tena sana.

"Marahaba, mwanangu. Mumeo yupo?"

Redio ikazimwa. Sefania akaja mlangoni, na kwa jinsi alivyopumua Dorkasi alijua kwamba ameona anachokipapasa.

"Mwalimu, hivi vimefikaje hapa?"

"Tuingie ndani kwanza, mama. Mvua hii..."

"Mvua nimeizoea. Vimefikaje?"

Maneno yakamtoka Sefania yote kwa mkupuo, kwa Kishambaa, kama mtu anayetapika.

"Sikuvipeleka. Nilivibeba mpaka barabarani, nikasimama nangoja basi. Nikajiona niko mbele ya wale mabwana wa ofisini natoa udongo kapuni kama muuza vyungu. Nikarudi."

"Kama muuza vyungu," Dorkasi alisema.

"Sikukusudia hivyo, mama."

"Endelea."

"Halafu fomu ikaja. Asiye na alama anahesabiwa ameshindwa. Darasa zima lingekosa mia kwa sababu ya mtu mmoja. Palikuwa na sehemu ya kuandika waliofariki na waliohama. Nikaandika umehama. Umekwenda kwa mwanao, Muheza."

Efrazia akajikohoza kidogo. Kuku alipita kati yao, akadonoa kwenye V ya vyungu, akaenda zake.

"Ulivisoma lakini?" Dorkasi akauliza.

"Nilivisoma."

"Nilikosa wapi?"

"Hukukosa popote, mama."

Angeambiwa amekosa, angesamehe. Angeambiwa herufi moja ilikaa kichwa chini, angecheka, angekwenda nyumbani kufinyanga nyingine. Lakini mtu huyu alisoma yote, akayaona sawa, kisha akayalaza chini ili wageni wake wasiteleze. Dorkasi akasikia hasira inampanda, na chini ya hasira akasikia kitu kibaya zaidi: aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeiba. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Mwaka kesho kuna mtihani mwingine," Sefania alikuwa akisema kwa haraka. "Nitakuandikisha upya. Sitakuficha safari hii. Nitaandika kwamba umerudi kutoka Muheza."

Dorkasi alicheka, kicheko kifupi.

"Nimerudi lini, mwalimu? Nikumbushe, nisije nikababaika nikiulizwa."

Akaugeuza uso upande wa Efrazia.

"Efrazia, mwanangu, nipe kitu cha kuchimbulia."

Efrazia akaleta panga. Akaliweka mkononi mwa Dorkasi kwa upande wa mpini, akarudi nyuma. Dorkasi akapitisha ncha pembeni mwa kibao kile cha kizingitini, taratibu, akizunguka, kama anavyotenga chungu na ardhi kikiwa hakijakauka. Udongo wa masika unang'ang'ania. Sefania akapiga magoti, akanyoosha mkono kusaidia.

"Usiguse."

"Kimekwishapita motoni, mama. Hakina mwiko tena."

"Nimesema usiguse, Sefania."

Hakuwahi kumwita kwa jina tupu tangu alipokuwa mwalimu wake. Mkono ukarudi. Kibao kikatoka na sauti ya mguu unaochomoka kwenye tope, na maji ya mvua yakaanza kujaa pale kilipokuwa. Dorkasi akakifuta kwa pindo la khanga, akakiweka tumboni chini ya nguo, akalirudisha panga.

"Na hivi vingine, mama?" Efrazia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Viacheni. Utelezi ni mwingi."

Akaokota fimbo yake, akashuka hatua kama ishirini, mpaka pale njia inapopinda penye migomba. Akasimama kukiweka sawa kibao, na wakati huo huo akasikia kule juu wanawake wa darasa wakiwasili kwa njia ya upande wa pili, wakizozana juu ya nani aliyesahau daftari. Wa mbele alikuwa Yunis. Sauti yake haifichiki, naye alisalimia kwa Kishambaa.

"Hodi, mwalimu! Onga mshi!"

Nyayo zikaja upesi upesi mpaka mlangoni, zikakoma.

"Jamani, hapa pamekuwaje? Mwalimu, mbona pana shimo mlangoni kwako?"

Dorkasi alitega sikio, kibao kikimlowesha tumbo. Akasikia Yunis akikusanya nguo zake na kuliruka shimo. Mwingine akafika nyuma yake, akasita, naye akaruka.