Kinga Iliyowekwa Koponi

Jirani yangu ndiye aliyeniletea habari. Nilikuwa nanyoosha mashati ya watu, pasi imekolea moto, akaingia bila hodi, akakaa juu ya kapu la nguo safi.

"Umesikia? Ile mashine iliyomuua mwenyewe, wanaiuza vipande vipande."

"Mashine gani?"

"Msumeno wa injini, ule wa kukatia magogo. Ulimruka usoni akafia palepale. Sasa wenzake wanagawana, huyu injini, yule mnyororo. Anayenunua hajui kanunua nini. Ila alama iko. Ubavuni ina mkwaruzo kama mguu wa kuku."

Nilimwambia atoke juu ya nguo za watu. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshaisahau pasi, na shati la karani wa posta likapata doa la kahawia mgongoni ambalo halijatoka hadi leo.

Sababu ni hii. Siku mbili kabla, Kitindamimba wangu alikuwa ameleta nyumbani mashine kama hiyo, imefungwa kwenye gunia, akaisukumia chini ya kitanda.

Kitindamimba ni binti wa miaka ishirini na sita, fundi cherehani. Watu wanatoka mbali kumfuata kwa ajili ya ile mikono yake. Anaweza kushona kola ukadhani imeota yenyewe shingoni. Lakini ikifika Jumamosi anavua futi shingoni, anavaa buti, anakwenda kwa wenzake wakatakuni. Hawakati kwa riziki, wanakata kwa kupenda. Mmoja ni dereva wa basi la shule, mwingine anang'oa watu meno, na mkubwa wao ni mwalimu wa hesabu, wanamwita Kabureta kwa kuwa anaweza kuifungua kabureta akiwa amefumba macho. Upepo ukiangusha mti, wanaomba ruhusa, wanaukata, kuni wanagawa. Ukikaa nao kidogo, hata hivyo, utagundua kuni ni kisingizio. Mapenzi yao yako kwenye mashine. Nani kapata plagi nzuri, nani kabadilisha pistoni, nani kapanua bomba la moshi. Mtu mzima anakumbatia mnyororo uliojaa oili kama anabembeleza mtoto.

Nikaingia chumbani kwake, nikavuta gunia. Injini ya rangi ya chungwa iliyopauka. Ubavuni mistari mitatu inatoka sehemu moja. Mguu wa kuku.

Jioni akaniuliza, "Mama, umeingia chumbani kwangu?"

"Nimefagia."

"Unafagia mpaka ndani ya gunia?"

"Aliyekuuzia ni nani?"

"Kabureta."

"Na yeye kaitoa wapi?"

"Kwa mtu."

"Huyo mtu yuko hai?"

Akacheka. "Mama, wewe unaogopa hata blenda ya jirani."

Ni kweli naiogopa. Kitu chochote kinachozunguka kwa kasi kuliko jicho linavyoweza kufuata, mimi nakiheshimu, na sioni aibu.

Akanieleza, kwa sauti ile ya kumtuliza mteja ambaye gauni lake halijaisha. Jumamosi inayokuja wanashindana kukata gogo, na Kabureta anapima kwa saa. Ameshamtengenezea mashine. Amemfungia ubapa mrefu zaidi wa kuzungushia mnyororo. Kila jino la mnyororo lina kinundu mbele yake, kinacholizuia jino lisimege mti kupita kiasi. Vinundu hivyo Kabureta amevipunguza kwa tupa, ili jino lile tonge kubwa.

"Na hapa mbele ya mpini, mbona patupu? Mashine ya dereva nimeiona ina kitu kama kiganja."

"Ile ni kinga ya mkono, ndiyo breki pia. Ya dereva ni mpya, hajaitoa bado. Sisi tunaitoa. Inazuia mkono kugeuza, halafu ni uzito tu."

"Breki ni uzito tu?"

"Mama, watu wanaokata wanajua wanachofanya."

Sikulala vizuri siku tatu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hilo la pili ndilo lililonikaba. Nikajiambia, maiti ana ndugu, na ndugu wanajua kaburi. Nikitafuta kaburi nitapata ukweli.

Nikaanza kwenye duka la vipuri. Muuzaji amekaa nyuma ya wavu, minyororo imening'inia juu ya kichwa chake kama mapazia. Nikamuuliza marehemu mwenye mashine ya mguu wa kuku alizikwa wapi.

"Marehemu?" akasema. "Marehemu gani ananunua betri? Juzi tu alikuwa hapa, ananisumbua nimpunguzie. Nenda nyuma ya tangi la maji, utasikia redio."

Nikazisikia kabla sijafika. Redio sita zinaongea kwa pamoja, hakuna inayomsikiliza mwenzake. Katikati amekaa mwanamume wa rika langu, ana kovu kutoka kwenye nyusi mpaka kwenye mtulinga. Mkono wa kushoto umelala mapajani, vidole vimekunjika nusu. Anafungua skrubu kwa wa kulia, redio ameibana kwa magoti.

"Karibu, dada. Yako ina tatizo gani?"

"Sina redio. Nimekuja msibani kwako."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule mwingine haukufuata. "Umechelewa. Chai imeisha."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamweleza yote, gunia, mguu wa kuku, Jumamosi. Alizima redio moja moja hadi pakawa kimya.

"Mashine ile haina kosa," akasema. "Niliinunua mpya, miaka minne haikuwahi hata kunikwaruza. Halafu nikajiunga na kundi. Nikaona mashine yangu inachelewa, nikacheka kama walivyocheka, nikafanya kama walivyofanya. Nikapunguza vinundu vya mnyororo kwa tupa. Nikatoa kinga. Siku hiyo nakata, nyuma ya gogo kulikuwa na tawi sikuliona. Ncha ya juu ya ubapa ikaligusa. Mashine ikapiga teke, ikanijia usoni. Kinga ingekuwepo, mkono wangu ungeisukuma hata bila mimi kutaka, na mnyororo ungesimama kabla sijasema 'aa'. Lakini kinga ilikuwa hapa."

Akavuta kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya meza. Ndani mlikuwa na kinga, nyeusi, haina hata mkwaruzo, pamoja na springi yake na skrubu mbili zilizofungwa kwenye kitambaa. Mtu mwangalifu kabisa. Alikuwa ameitunza vizuri, kila kitu mahali pake, ila si pale kwenye mashine.

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Kabureta alikuja hospitali na machungwa. Akasema nilishika vibaya. Nikamwachia mashine, sikutaka kuiona. Baadaye nikasikia nimekufa."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Dada, mtu aliyekufa haulizwi kitu. Wakisema mashine ina mkosi, nani atauliza kinga iliondolewa kwa nini?" Akanisukumia kopo. "Chukua. Mimi nilikosa ujasiri wa kurudi pale. Labda wewe unao."

Sikuwa nao. Nilikuwa na kopo.

Jumamosi nikaenda karakana wanakoshindania. Ni uwanja wa sementi wenye madoa ya oili, na gogo nene limelazwa juu ya vikalio viwili. Wakatakuni wamesimama na buti zao. Kabureta ana saa mkononi na kalamu sikioni. Kitindamimba alikuwa wa pili kwenye zamu, ameishika ile mashine, miwani ipo usoni, kinga hakuna.

Aliponiona uso ukabadilika. "Mama, nakuomba. Usianze."

Sikuanza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye gogo nikalikalia. Nikaweka kopo mapajani.

"Mama yetu," Kabureta akasema, kwa tabasamu la mwalimu siku ya wazazi, "hapo ni mahali pa hatari."

"Ndiyo maana nimekaa."

"Tunaomba upishe kidogo, tuna ratiba."

"Mimi sina. Nguo zote nimeshanyoosha."

Mng'oa meno akasema, "Mama, utachafua kanga."

"Naifua mwenyewe. Uso wa mtu ndio sijui kufua."

Dereva akacheka, akajikohoza. Kitindamimba akanisogelea, sauti chini. "Mama, unanitia aibu mbele ya watu."

"Najua, mwanangu. Aibu haishonwi nyuzi hospitali. Itapona yenyewe."

"Mimi si mtoto."

"Ungekuwa mtoto ningekubeba mgongoni twende. Kwa kuwa ni mtu mzima, nimekaa hapa tuongee. Kata utakavyo. Kata mpaka msitu uishe. Ila hiyo mashine irudishiwe breki yake, na breki hiyo hapa."

Nikafungua kopo.

Kabureta akaangalia ndani, na lile tabasamu likakosa pa kukaa. "Umeipata wapi hiyo?"

"Kwa marehemu. Anawasalimu."

Dereva akauliza, "Yuko hai?"

"Anatengeneza redio nyuma ya tangi la maji. Dakika kumi kwa miguu. Mwalimu anapafahamu, alimpelekea machungwa hospitali."

Wote wakamgeukia Kabureta. Kabureta akaangalia saa yake, na wakati huo hakuna mtu aliyekuwa anakata kitu.

"Alishika vibaya," akasema. "Niliwaambia ana hali mbaya, maneno mengine watu waliongeza."

"Na wewe hesabu hukuisahihisha," nikamjibu.

Mwenye karakana, mzee mmoja mchache wa maneno, alikuwa ameegemea mlango wakati wote akifuta mikono. Akaja, akachukua kopo, akaigeuza kinga kwenye mwanga. "Springi ya asili," akasema, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Akamnyooshea Kitindamimba mkono. "Lete mashine, binti. Ni karakana yangu. Ilipaswa niseme mimi, kanitangulia mama yako."

Kitindamimba aliniangalia kwa macho ambayo sitayasahau. Akampa.

Mzee aliifunga kinga pale pale. Akaupitisha mnyororo kati ya vidole, akatikisa kichwa. "Vinundu vimeisha. Huu siuwashi." Akauvua, akatoa na ule ubapa mrefu, akafunga ubapa wa saizi yake na mnyororo mpya. Dakika kumi na mbili, nilizisoma kwenye saa ya Kabureta. Halafu akaiweka mashine chini, akaiwasha, ikalia mpaka meno yakaniuma, na kwa mgongo wa kiganja akaisukuma kinga mbele mara moja. Kwa! Mnyororo ukasimama kama umeona polisi.

Hapo ndipo niliposhuka kwenye gogo. Nikakung'uta maganda ya gogo kwenye kanga.

Kitindamimba alikata akawa wa mwisho. Wenzake walikata, wengine bila kinga, wakamshinda, wakaondoka wazima, na mimi sitasema uongo kwamba waliumia. Nyumbani hakunisemesha siku nne. Alikuwa anakula na kuacha sahani mezani, jambo ambalo hajafanya tangu akiwa darasa la pili. Nilizikusanya. Mkono ulioacha sahani ulikuwa na vidole vitano, nilivihesabu.

Siku ya tano nilichukua daftari nikaandika orodha, nikaibandika kwenye mlango wa karakana, ndani kabisa ambapo wanasimama kubishana. Waliichana. Nikaandika nyingine, wakaichana pia. Nikamtuma dereva awaambie nina daftari la kurasa mia mbili na mwandiko wangu ni wa haraka.

Ya tatu haikuchanwa. Nilipokwenda kuangalia, nikakuta chini yake mtu ameongeza mstari kwa chaki ya fundi cherehani. Mwandiko naujua, niliufundisha mimi kwenye meza ya kupigia pasi. Nimeunakili na huo. Nawaandikia wazazi wengine wenye watoto wakubwa wasiokanyika. Kama na wewe utaambiwa unaogopa blenda, kubali, kisha kaa juu ya gogo.

Ya kuepuka:

Usinunue mashine isiyo na kinga ya mkono mbele. Ukiambiwa ilipotea, mwambie akaitafute kwanza.

Usitoe breki kwa sababu ya uzito. Breki haifiki nusu kilo. Mkono uliokufa ni mzito zaidi, muulize mwenye redio.

Usipunguze vinundu vya mnyororo kwa tupa ili ukate haraka.

Usifunge ubapa mrefu kuliko uwezo wa injini yake.

Usiguse kitu kwa ncha ya juu ya ubapa. Kabla ya kuwasha, zunguka uangalie nyuma ya gogo.

Usinunue kipuri bila kujua kimetoka kwa nani. Nenda ukamwone. Akiwa amekufa, hakikisha.

Usiamini mashine ina mkosi. Uliza nani aliifungua.

Usishindane na saa iliyoshikwa na mtu asiyeshika msumeno.

Usimwite mama yako mwoga. Nilikosea. Mnyororo ule wa zamani nimeukata vipande, hakuna atakayeuuza tena.

Huo wa mwisho si wangu.