Kusafisha Kilima

Meneja wa hoteli aliingia studio asubuhi, wakati Jicho akimpiga picha ya paspoti mzee mmoja aliyekataa katakata kuvua kofia. Meneja hakuketi. Alinyoosha kidole juu ya kaunta, kwenye picha ya kilima iliyotundikwa kando ya feni, akauliza bei. Jicho alimwambia hiyo haiuzwi, akaendelea kubishana na mzee wa kofia.

Jicho ndilo jina mtaa mzima ulilomwita, na hata mama yake mzazi alikuwa ameshalizoea. Studio aliirithi kwa marehemu baba yake, kati ya kinyozi na duka la misumari. Kazi zilizoifanya istahimili zilikuwa za wateja: paspoti, harusi, sahani za mikahawa zilizopakwa mafuta ili zing'ae, vitanda vya hoteli vilivyonyooshwa mpaka vikaonekana havijawahi kulaliwa na mtu. Kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine kabisa. Kila alipopata mwanya alichukua kamera ya filamu ya baba yake, akapanda barabara ya ng'ambo ya bonde, akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu na kusubiri mwanga uteremke juu ya kilima alikozaliwa baba. Angeweza kusubiri kutwa nzima bila kula. Mdogo wake, aliyekaa kaunta, alisema dada yake anakwenda kupiga majani paspoti.

Picha ya kando ya feni ilitoka huko. Nyumba za bati zilikuwa zimejipanga mgongoni mwa kilima, njia ya miguu ikijipinda katikati, moshi mwembamba ukipaa kutoka paa moja, na chini kabisa, peke yake, ilikuwepo nyumba ya Shangazi, dada wa baba yao. Shangazi mwenyewe alikuwa ameinua mikono, akianika shuka.

Meneja alisubiri mzee wa kofia aondoke, na kofia yake. Kisha akaeleza kwamba kampuni yake inajenga hoteli mpya, na kwamba inatafuta mpiga picha wa kuzunguka nchi kwa mwaka mzima, milima, mabonde, jangwa, kwa gari la kampuni. Jicho alimeza mate. Hilo alikuwa amelililia tangu siku aliyoweza kubeba kamera, na mdogo wake alilijua, maana aliacha kumhesabia mteja chenji.

"Nisafishie hiyo ya kilima tu," Meneja akasema. "Halafu tuongee mkataba."

Basi Jicho akaisafisha. Katika studio ile kusafisha picha kulikuwa na maana moja. Zamani baba yao aliingia chumba cha giza kule nyuma, akatumbukiza karatasi nyeupe kwenye beseni la dawa, na mtu akaanza kujitokeza polepole, kwanza nywele, halafu macho. Kusafisha ni kumtoa aliyemo. Jicho alichapisha kilima kikawa kikubwa kama mlango, kila bati linaonekana, akakipeleka ofisini kwa moyo mkunjufu.

Meneja alikitazama kilima, akamtazama yeye. Alimkumbusha kwamba alisema asafishe. Sasa hizi nyumba zinafanya nini hapa?

"Zinakaliwa," Jicho akasema.

Meneja alikubali kwamba zinakaliwa, ila kwa sasa tu. Wenye mtaji walitaka kuona kilima kitupu. Mtaalamu angeandika ripoti kwamba pale haishi mtu, na picha ingewekwa ukurasa wa mbele. Alisema yote haya kwa upole, kama mtu anayeomba apunguziwe chumvi.

Jicho alirudi studio shingo upande. Alijiambia picha ni picha tu. Alijiambia mengi. Kisha akaingiza nakala ya picha kwenye kompyuta na kuanza na nyumba ya chini, kwa kuwa ilikuwa peke yake. Alipitisha kifutio juu ya bati, juu ya kamba ya nguo na juu ya Shangazi, akajaza majani.

Alipoinua kichwa, nyumba ilikuwa mle ndani ya studio. Ilisimama kati ya kaunta na pazia la buluu la paspoti, bati likigusa dari, ikabidi feni izimwe. Shangazi alikuwa mlangoni mwake, shuka mbichi begani.

"Umenihamisha bila hata hodi," akasema. "Haya, kamba nifunge wapi?"

Wakaifunga kutoka kwenye taa ya studio hadi kwenye msumari wa kalenda. Jicho alimwamkia. Shangazi aliitikia bila kumtazama, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

Wateja walizoea upesi. Waliokuja kupiga paspoti waliinama chini ya shuka, wakapita kando ya jiko la Shangazi, wakakaa kitako na kunyoosha kola. Kinyozi wa jirani alilalamikia kuku wa Shangazi tu, maana walikuwa wakiingia kwake na kuchakura nywele alizokwisha kuzifagia. Mwenye jengo alikuja, akazunguka nyumba nzima, akasema makubaliano ya pango hayakutaja nyumba ndani ya nyumba, na kwamba atakwenda kulifikiria. Kule kilimani, watu walisema, mahali pa Shangazi palikuwa pameota majani laini ajabu, yote ya kimo kimoja, na kila baada ya hatua chache yalikuwa yaleyale tena. Jicho aliyajua. Aliyanakili harakaharaka ili awahi kula.

Meneja naye alikuja kuona kazi ilipofika. Aliruka jiko, akainama kwenye kompyuta, akafurahi. Alisema zimebaki nyumba za juu, njia, na kale kamoshi, kisha akauweka mkataba juu ya kaunta, pembeni ya kuku. Shangazi alimpa kigoda. Alimuuliza kama na hao wa juu wataletwa hapahapa, kwa sababu mmoja wao anakoroma. Meneja alicheka kwa adabu, akasema hayo ni mambo ya mpiga picha, akaaga.

Shangazi akaanza kukunja shuka lake.

"Baba yako alinipiga picha nikiwa msichana," akasema. "Sikutoka. Akarudia, sikutoka. Alikesha humo ndani mpaka nikatoka. Sasa wewe, mwanangu, unanitoa au unaniondoa?"

Jicho alimchukia Meneja kwa upole wake, na alijichukia yeye mwenyewe kwa yale mate aliyoyameza. Aliichukua filamu yenyewe kutoka kwenye bahasha yake, akafungua chumba cha giza. Mdogo wake alimfuata, akamkumbusha mkataba, nchi nzima, gari. Jicho alisema anaukumbuka vizuri sana, na akamwomba awashe taa nyekundu.

Alitumbukiza karatasi kwenye dawa. Yalitoka mabati, ikatoka njia, ukatoka moshi, akatoka Shangazi na mikono yake juu. Kisha wakatoka na wale ambao hawakuwemo kwenye filamu. Walifungua milango ya nyumba zao, wakasimama nje, wakaitazama kamera. Hakuna aliyetabasamu. Karatasi ilipokauka, Shangazi na nyumba yake walikuwa wamerudi kilimani, studio ilikuwa na nafasi tena, na feni ikawashwa. Alisalia kuku mmoja, na kinyozi akasema huyo aachiwe yeye.

Jicho aliitandaza picha juu ya meza ya Meneja, na juu yake akauweka mkataba usio na sahihi.

"Nimekisafisha," akasema.

Fundi wa kompyuta wa kampuni alijaribu kuwafuta watu wale. Walisogea pembeni, kifutio kikapita, wakarudi mahali pao. Alijaribu mpaka saa ya kutoka kazini. Kampuni ikaachana na mambo ya kompyuta, ikaleta tingatinga. Mtaalamu akaandika kwamba wakazi walikwisha kutoka kwa hiari yao.

Nyumba zilizobomolewa na tingatinga hazikuhamia studio wala kwingine kokote. Shangazi alikuja kwa miguu, na mfuko mmoja na kamba ya nguo. Walimpa chumba cha stoo. Mwaka wa safari alipewa mpiga picha mwingine. Jicho alilia siku hiyo, akalia kweli, na hakujificha. Kisha akanawa uso, akampiga paspoti mtu aliyekuwa akingoja. Kesho yake alipanda barabara ya ng'ambo ya bonde na kamera ya baba, kama kawaida.

Hoteli ikafunguliwa. Wageni walisimama kwenye vibaraza vyao, wakapiga picha bustani na bonde, na kila picha ikatoka na nyumba za bati, njia, watu waliosimama milangoni, na mwanamke anayeanika shuka. Mwanzoni walilalamika. Mhudumu wa mapokezi aliwaambia hao huwa wanatoka tu, wasijali, na kifungua kinywa kiko tayari. Siku hizi hakuna anayeuliza. Wengine huzipenda picha hizo, wakataka kuzichapisha, na studio iliyo karibu ni ya Jicho. Mlangoni amebandika karatasi: HAPA TUNASAFISHA. HATUFUTI.

Kila mgeni akija, Shangazi hutoka stoo na miwani yake, akaiomba picha kabla haijafungwa.

"Nimetoka?"

"Umetoka, Shangazi."

"Vizuri?"

"Shuka tu ndilo limejikunja."

Siku moja Shangazi aliisogeza picha kwenye mwanga, akaikagua nyumba yake kuanzia bati mpaka kizingiti.

"Wale wa kampuni wameandika nimetoka," akasema. "Wakija kukuuliza, waambie sitoki."

Mgeni aliuliza kama kuna fremu. Zilikuwepo.