Sahani ya Cyprien

Constantin iko muongo, na bila uongo wake salle yangu ya vidéo pale Nyalukemba ingefungwa zamani. Filme za kuchorwa za Japani zilikuwa zinatufikia bila Kifaransa, basi yeye anasimama pembeni ya televizyo, anatafsiri mu Swahili. Kijapani hajui hata neno moja. Batu walikuwa wanajua, na walikuwa wanakuja tu, ju mu ile vita kila mutu alitaka kusikia kitu ingine.

Jirani yangu Adélaïde hakutaka kusikia kitu. Bwana yake, Cyprien, waliua yeye mu barabara ya Uvira, karibu na Sange, na maiti haikurudi. Akakataa matanga. "Matanga ya nani? Mumeniletea mutu?" Kila siku alikuwa anapika, anaweka sahani ya Cyprien ku meza, anafunika. Magaribi anaimwanga. Batoto wanaangalia bugali na sombe, majani ya muhogo, vinaenda mu shimo, na wao njaa inawauma. Ndugu za Cyprien wakasema: akiendelea vile, watamunyanganya batoto. Mimi nilimwambia wazi, "Dada, mufu hakulake." Akaacha kunisalimia.

Siku ya yenga, Jumapili, misa ilipoisha, nilimuvuta kwa mukono mupaka mu salle. Acha anikasirikie, nilijisemea, angalau atakaa na batu.

Mu filme kulikuwa musichana mwenye mabawa ya karatasi. Anatafuta kaka yake mwenye alipotelea mu vita ya mazimwi, na hapate hata mufupa. Mwisho anakaa mu baridi, anaweka bakuli chini, anaongea murefu. Constantin, mwenye kinywa yake haipumzikake, akanyamaza. Batu wakaanza kunung'unika. Kisha akasema polepole:

"Hauna kaburi, ndugu yangu. Basi sahani yako njo kaburi yako. Mwenye njaa akipita, atakula, na ataita jina yako."

Adélaïde akasimama. "Rudilia."

Constantin akapanguza jasho ku uso. "Maman, nimesahau. Ilikuja tu."

Nilitaka kumupiga kofi. Siku zote anasema ujinga na anaukumbuka, leo amesema neno, amelipoteza.

Pale nyuma, muzee mumoja akaanza: "Hauna kaburi, ndugu yangu." Mwingine akapokea. Kisha salle nzima, hata basoda wenye walikaa na bunduki katikati ya magoti, wote kwa sauti moja kama mu kanisa, mupaka neno la mwisho. Walikuwa wamelisikia mara moja tu. Mimi Georgette, mwenye nasemaka sana, nikajikuta nasema pamoja nao.

Kesho yake nilipita kwa Adélaïde. Sahani ilikuwa ku meza, bila kifuniko. Mutoto yake mudogo, Bintu, alikuwa anazunguka mbali, ju alishapigwaka juu ya ile sahani.

Adélaïde akamuita: "Bintu, uko na njaa?"

Mutoto akarudi nyuma hatua moja.

"Pita hapa. Kula."

Akakula yote, akalamba vidole. Kisha akaangalia kiti yenye haina mutu. "Aksanti, papa."

Adélaïde akakaa chini, akaweka mukono ku kichwa. Hakuangalia mutu.

"Georgette," akasema, "tandika mikeka ya matanga. Bwana yangu amekufa."