Marashi Kwenye Tingatinga

Nilipowaambia watu wa nyumbani Kisii kwamba hapa Dubai kuna mashine imekataa kuwaka kwa sababu ya baridi, walinicheka mpaka simu ikakatika. Siwalaumu. Lakini huku Al Barsha kuna ukumbi wenye mlima wa theluji ndani yake, watu wanalipa ili watetemeke wakati nje jua linalainisha lami, na mimi Hesbon ndiye fundi wa mitambo ya humo.

Kila asubuhi, kabla wageni hawajaingia, tingatinga la minyororo hupanda na kushuka mlima ule likilaza theluji. Mwaka jana dereva wake, Azzam, alifia ndani yake. Moyo. Tulimkuta ameegemea usukani, injini inanguruma na wipa zinakwenda. Tingatinga likawekwa kando miezi mingi, na siku liliporudishwa kazini, aliyekuja kuliomba alikuwa Faris, mdogo wake Azzam. Nilimwambia usoni kwamba ana wazimu. Alicheka tu, akachukua funguo.

Faris naye alizaliwa na moyo mbovu kama wa kaka yake. Hilo tulilijua sote, maana mama yao, Bi Asila, Mzanzibari wa mtaa wa Al Muraqqabat, alitupigia simu mmoja mmoja. Mimi aliniambia, "Mwanangu Hesbon, huyu ndo aliyebaki. N'tazamie." Nikasema nitamtazama. Ahadi nyepesi kutoa kwenye simu, na tangu siku ile kila Faris alipopanda ngazi ya tingatinga akasimama katikati kuvuta pumzi, na mimi yangu ilikatika.

Ilipofika Januari, tingatinga likaanza vituko. Unawasha, stata inalia mara moja, kimya. Betri nzima, mafuta yapo. Serah, mlinzi wa mlango wa nyuma, akanivuta pembeni.

"Hesbon, hiyo gari iko na mtu," alisema. "Nimesikia na haya masikio yangu. Sauti inasema, 'Kunywa, kaka. Kunywa yote.' Na kunanukia marashi, si ya kununua hapa mall. Ya mazishi."

"Mzimu unaojipulizia marashi sijauona bado," nikamjibu. Nilikuwa na hasira. Watu wazima wanaliogopa tingatinga, na mimi ndiye nitakayeulizwa na bosi.

Nikapanda mwenyewe. Nikafunga mlango, nikaketi, na ile harufu ikanijia puani: waridi na zafarani, nzito, kana kwamba mtu ametoka kwenye kiti dakika ile. Kiti chenyewe kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, vile alivyokiacha Azzam, aliyekuwa na miguu ya twiga. Faris ni mfupi, kuzifikia pedali lazima ajinyooshe, lakini hakukigusa. Nywele zilinisimama. Nilishuka mbio kuliko nilivyopanda, na Serah aliponitazama nikajifanya nimesahau spana.

Tulilivuta kwa waya mpaka karakana ya nyuma, ambako jua linaingia. Nikaliwekea hita kubwa ubavuni na kulisubiri. Saa zikapita. Faris akaja, akaketi juu ya tairi kuukuu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Adhuhuri nikafungua koki ya chini ya rejeta. Kulanti, yaani ile dawa ya rejeta isiyoganda, niliitia mwenyewe mwezi wa Novemba, kijani kama majani. Kilichomwagika kwenye beseni kilikuwa maji ya manjano yenye mapande ya barafu, na chini yake machicha meupe. Karakana nzima ikanukia waridi.

Nyumbani kwetu rejeta hupewa maji yoyote, ya mtoni, ya kisima, hata ya kunywa, na kwa kuwa kule maji hayagandi, hakuna ubaya. Nimegombana na madereva kumi kuhusu tabia hiyo. Nikadhani Faris ni wa kumi na moja.

"Umetia maji humu?" nilimfokea. "Mle ndani ni nyuzi sita chini ya sifuri! Yanaganda, yanakwamisha pampu, yanapasua chuma! Ona rejeta ndogo ya hita ya kebini ilivyopasuka, ndiyo maana inakupulizia marashi usoni!"

"Si maji," alisema Faris. "Kombe."

Kombe nalijua, ingawa mimi ni wa kanisani. Bi Asila huandika aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, huziosha kwa marashi na maji, akatia kwenye chupa mgonjwa anywe. Hiyo chupa ya kifuniko cha buluu nilikuwa naiona mfukoni mwa Faris kila siku.

"Kama hulitaki, si umwage kwenye sinki?"

Alinitazama kama niliyemtukana mama yake. "Kombe halimwagwi kwenye sinki, Hesbon. Wala chini, watu wakakanyaga."

"Basi kunywa!"

"Si langu. La kaka."

Nikaweka spana chini. Alizungumza polepole, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Siku Azzam alipofariki, Faris aliikuta chupa chini ya kiti, imejaa. Akaificha ndani ya koti kabla mama yao hajafika. "Alikuwa hanywi," alisema. "Sasa nikikaa pale namsikia anavuta pumzi, kwa tabu, kama siku zile. Nikimpa langu, anatulia. Injini ndo mahali pake, Hesbon. Mahali safi, hapakanyagwi na mtu."

Ya Serah niliyacheka. Haya sikuyacheka. Kijana wa watu ameketi mchana kweupe, ananiambia anamnywesha marehemu, na macho yake makavu.

"Na hivi vyeupe?" nilimuuliza, ingawa nilikwisha kukisia.

"Dawa ya moyo. Azzam alikuwa akitema vidonge, basi mama akazoea kuvisaga mle mle ndani ya kombe. Na vyangu anafanya vivyo hivyo."

"Kwa hiyo wewe hujameza dawa tangu lini?"

"Tangu n'lipopewa funguo."

Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja, nikashindwa vyote viwili. Hapo ndipo Serah alipofungua mlango, na nyuma yake Bi Asila, amevaa koti la wageni juu ya abaya, na mkononi ile chupa ya kifuniko cha buluu.

"Faris, umesahau chupa yako, baba. Imenibidi nichukue teksi toka..."

Hakumaliza. Pua yake ilikuwa imeshajua. Akaja mpaka kwenye beseni, akainama, akavuta harufu mara moja. Mtu aliyetumia umri wake akisugua zafarani hahitaji kuambiwa.

"Hili kombe langu," alisema.

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, wa kulanti iliyooza. Mungu anisamehe, ningeusema. Ila Bi Asila hakuniuliza mimi.

"Ni Azzam aliyetia?"

"Mimi, mama. Nilikuwa nampa yeye. Siku ile chupa yake ilikuwa imejaa. Hakunywa."

Bi Asila akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilidhani atapiga kelele. Alipangusa tu viganja vyake magotini, taratibu.

"Mwaka mzima najiuliza aya gani niliikosea," alisema. "Mkono wangu ulitetemeka wapi hata usimfae mwanangu." Kisha akainua uso, akaitazama midomo ya Faris kwa muda mrefu, na nikaona hofu ikimpanda. Alisimama upesi. Akafungua chupa, akamnyooshea. "Kunywa."

Faris hakuipokea. Alikuwa anakitazama kile kiti tupu ndani ya tingatinga. "Akija kun'dai je?"

"Akija mwambie aje kwangu," alisema Bi Asila. "Mimi ndo mamake."

Faris akanywa. Meno yake yaligonga mdomo wa chupa, na mama yake aliishika kwa chini mpaka ikaisha. Tone la mwisho akalidondoshea kiganjani, akampaka kifuani kwa ndani ya shati. Halafu akageuka upande wa tingatinga, akainua sauti kidogo, vile mama anavyomkanya mtoto aliye chumba cha pili.

"Azzam. Khalas, mwanangu. Mwache mwenzio."

Serah alikuwa analia mlangoni. Mimi nilitafuta funguo za gari langu, nikazikuta mkononi mwangu mwenyewe, na sote tukaenda hospitali.

Madaktari walimkemea hasa. Alilala wodini, akaruhusiwa, na waliporidhika kwamba vidonge vinamezwa mbele ya mama yake, wakamruhusu kurudi kazini. Kufikia hapo nilikuwa nimebadilisha rejeta ya hita, nimesafisha injini mara tatu, nimetia kulanti mpya.

Asubuhi hiyo Faris alipanda ngazi bila kusimama katikati. Akageuza ufunguo, na injini ikaitika hapo hapo. Nilisimama mlangoni kwenye baridi, nikinusa. Dizeli tupu. Nilifurahi, kisha nikaona aibu kuifurahia, maana Faris alikuwa ametulia tuli, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Alisikiliza hata nikaogopa. Kisha akapeleka mkono chini, akavuta kiti mbele.