Sare Ukutani

Benedicte alikuwa na miaka tisa na usahaulifu wa kikongwe wa tisini. Leo kalamu, kesho soksi, keshokutwa ule ufagio ambao shule humdai kila mtoto, halafu wanasema elimu ni bure. Bure yao ina miba! Mwishowe mwalimu wake, Bi Nabangala, akamwita mama mtu, Marie-Louise, muuza vitenge wa Old Kampala.

"Nyabo, akija tena mikono mitupu, nafasi yake nampa mwingine. Wako langoni wanangoja."

Phelister, jirani ya Marie-Louise na msusi kutoka Kenya, ndiye aliyempa dawa.

"Wewe unamfokea tu, Mama Bene. Mtundikie vitu ukutani jinsi mwili ulivyo. Sweta juu, sketi, soksi, viatu sakafuni, begi mgongoni. Akiamka anajivika ukuta. Atasahau nini tena, kichwa?"

Wakacheka. Jioni ile Marie-Louise akapigilia misumari, na ukutani pakasimama mtoto asiye na kichwa.

Dawa ikafanya kazi wiki nzima. Kisha asubuhi moja mama akakuta viatu vimejaa vumbi jeusi. Akalisugua vidoleni, likakwaruza. Udongo wa Kampala ni mwekundu, anaujua kila anayefua soksi. Huu ulikuwa mchanga wa volkano, wa kwao Kongo, wa ile barabara ya Rutshuru waliyoikimbia.

"Bene, ulienda wapi na viatu?"

"Si mimi, mama. Ni Espérance. Anajaribu kama vinamutosha."

Marie-Louise akaketi chini. Espérance alikuwa pacha wa Bene. Alipotea katika msukumano wa watu, risasi zikilia nyuma, na mpakani afisa alipouliza ana watoto wangapi, mama alijibu: mmoja. Angesema wawili, angerudi kumtafuta, na huyu aliyebaki mkononi angempoteza pia. Papo hapo akamwambia Bene: "Msahau. Ukimlilia hatufiki."

Mtoto mtiifu yule! Akasahau. Na usahaulifu ukishafunguliwa mlango hauchagui. Ulikula na kalamu. Wenye bunduki hadi leo wanashiba, hakuna aliyewauliza neno. Anayeulizwa ni mtoto: soksi ziko wapi?

Akaivua sare yote misumarini, akaifungia sandukuni, ufunguo akauficha kifuani. Kulipokucha, sanduku lilikuwa limefungwa vilevile. Ndani, tupu.

Akamvika Bene gauni la kanisani, wakaenda kumsihi mwalimu. Bi Nabangala akawapokea mlangoni mwa darasa akitabasamu.

"Nyabo, asante! Benedicte siku hizi ni mwingine kabisa. Leo kafika wa kwanza, kila kitu anacho. Nimemketisha mbele." Kisha akamtazama mtoto aliyeshikwa mkono, kama anayemwona mara ya kwanza. "Na huyu ni nani?"

Kwenye dawati la mbele kilionekana kisogo, nywele zimesukwa mtindo wa kwao, si mkono wa Phelister. Chini ya kiti vumbi jeusi lilikuwa limetapakaa.

Bene akaminya kidole cha mama. "Mama, mimi ni nani? Nimesahau."

"Huyu ni Benedicte," Marie-Louise akasema. "Yule ni Espérance. Wote wangu."

"Lakini nafasi ni moja, nyabo."

"Basi ongeza kiti, mwalimu. Mimi sisemi tena mmoja."

Pale mbele, kisogo kikaanza kugeuka.