Kapteni Rhonda Ahamia Kiti cha Kulia

Ndege zetu zilipakwa rangi za kampuni kubwa. Tiketi zilikuwa zake, na hata leso za karatasi nilizowagawia abiria zilikuwa na nembo yake. Sisi wafanyakazi tu ndio hatukuwa wake. Tuliajiriwa na kampuni ndogo iliyoitwa Birchline, iliyopewa kandarasi ya kuwapeleka Chicago watu wa miji midogo ya kwetu kaskazini: Marquette, Escanaba na kwingineko. Abiria hawakujua tofauti hiyo. Sisi tuliijua kila tulipopita mbele ya mlango wa chumba cha kupumzikia cha wafanyakazi wa kampuni kubwa, ambamo hatukuruhusiwa kuingia.

Mwaka mmoja, theluji ilipoanza kuyeyuka, kampuni kubwa ikatangaza kwamba safari hizo sasa itaziendesha yenyewe, kwa ndege zake na watu wake. Birchline ingefungwa kabla ya baridi kurudi. Tuliotaka tungepokelewa, marubani kwa wahudumu, ila kila mtu angeingilia mkiani mwa foleni yao, inayopangwa kwa miaka ya utumishi. Na kwa marubani foleni ndiyo kila kitu. Aliyetangulia huchagua njia, huchagua likizo, tena huchagua kiti. Kiti cha kushoto ni cha kapteni. Cha kulia ni cha msaidizi wake.

Ndiyo maana siku ile ya tangazo, katika ofisi yetu ya Marquette, wote tulimgeukia Rhonda Kivela.

Rhonda ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni yetu. Alikuwa binti wa mchimba chuma wa Ishpeming, mfupi, mwenye sauti nzito, na alibakiwa na miaka michache tu kabla ya ule umri ambao rubani akiufikia sheria humshusha asiruke tena. Nilikuwa mhudumu katika ndege zake kwa muda mrefu. Nimemwona akitoka chumba cha marubani kabla hatujaondoka, akachuchumaa kando ya bibi anayetetemeka, akamweleza kila sauti atakayoisikia njiani na maana yake. Nani angemlaumu kama angeamua kustaafu?

"Kapteni, kule utakuwa unamwitikia mtoto wa juzi," alisema Duane Trudell, msaidizi wake, kijana wa mizaha. "Utaagizwa kahawa."

"Kahawa nachemsha vizuri kuliko unavyotua," Rhonda akamjibu. Tukacheka. Kisha akasema, bila kucheka, "Nimekaa kwenye chama cha marubani miaka yote hiyo nikipigania mlango huu wa kampuni kubwa ufunguliwe. Leo umefunguliwa, nikatae kwa kuwa ni mfupi? Nitainama, nipite."

Basi tukaenda wote watatu kwenye chuo cha mafunzo cha kampuni kubwa, tukafikia hoteli moja. Mimi nilijifunza milango mipya na mikokoteni mipya. Wao walifungiwa katika ile mashine ya mazoezi inayotikisika na kumdanganya rubani kwamba yuko angani kweli.

Rhonda akafeli.

Nilimkuta kwenye mkahawa wa hoteli mchana, supu yake imepoa. Aliniambia wazi. Walikuwa wamewashiwa moto wa bandia kwenye injini. Aliyekuwa kapteni wake katika mtihani ni Preston Vick, mtu wa Georgia, umri wa kuwa mwanawe, naye alikuwa akijifunza kiti cha kushoto. Kabla Vick hajafungua mdomo, mikono ya Rhonda ilikuwa imeshafanya kazi yote.

"Mtahini akaniambia, 'Umeuzima moto vizuri sana, bibie. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuambia uuzime.'"

"Wamekuonea!" nikafoka. "Wewe ulikuwa kapteni huyo Vick akiwa bado ananyonya."

"Hawakunionea, Lavonne. Mle ndani tulikuwa makapteni wawili na hakuna msaidizi. Ndege ya hivyo haina mtu wa kumwona kapteni anapokosea. Ningekuwa mtahini, ningejifelisha mwenyewe."

Nilidhani atafunga virago. Badala yake alinyanyuka, akamtafuta Duane, akamkuta akicheza karata na wenzake ukumbini.

"Duane, nifundishe kukaa kulia."

Duane akacheka, akidhani ni utani. Alipoona uso wake, akaziweka karata chini.

Waliburuta viti viwili wakavipanga vikitazama ukuta. Duane akakaa kushoto, Rhonda kulia. Wapita njia waliwashangaa. Duane alikuwa akitangaza matatizo, moshi, upepo, abiria aliyezimia, na Rhonda akijibu, "Ndiyo, Kapteni." Mwanzoni Duane alishindwa kujizuia kucheka kila alipoitwa hivyo. Baadaye kicheko kikaisha, naye akawa mkali.

"Acha! Unanijibu kabla sijauliza. Ona kwanza. Sema ulichokiona. Kisha ngoja."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka niamue. Nikiamua vibaya, sema tena, kwa sauti. Nikiziba masikio, hapo ndipo unyooshe mkono."

Rhonda akamgeukia. "Kumbe haya yote ndiyo ulikuwa ukiyafanya pembeni yangu? Mimi nilidhani umekaa tu."

"Wakati mwingine nilikuwa nimekaa tu," Duane akasema, naye Rhonda akampiga bega.

Walifanya hivyo wiki nzima. Nimeona watu wengi wakijifunza jambo jipya. Mtu aliyekwisha kulijua jambo, akakubali kulijifunza upya kutoka chini, mbele za watu, nimemwona huyo mmoja tu. Mtihani wa pili akapita.

Novemba, mimi na Rhonda tukajikuta kwenye safari moja ya asubuhi, Chicago hadi Marquette, ndege kubwa imejaa watu wa kwetu. Na kapteni alikuwa nani? Preston Vick. Tulipokaribia, upepo kutoka ziwani ulikuwa unavuma ubavuni na theluji imetanda angani kama shuka. Tukashuka, tukashuka, halafu injini zikanguruma na ndege ikapanda tena. Tukazunguka, tukajaribu mara ya pili, tukapanda tena. Vick akatutangazia kwamba tunakwenda Green Bay kungoja.

Abiria walishuka Green Bay wakinung'unika. Marubani walipotoka, mzee mmoja, Wendell Tervo, aliyepata kuwa mwalimu Ishpeming, akamwona Rhonda.

"Rhonda! Nilijua tu si wewe uliyeshika usukani! Enzi zako saa hizi tungekuwa nyumbani, miguu tumeielekeza kwenye moto wa jiko!"

Watu wakacheka. Vick alikuwa amesimama hapo hapo, kofia mkononi, masikio yamemwiva kwa aibu. Nilimtazama Rhonda. Ilikuwa rahisi mno kutabasamu tu na kunyamaza. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Wendell," akasema, "enzi zangu nilikuleta hapa Green Bay mara ngapi?"

"Aa... mara kadhaa."

"Na kila mara ulinitukana. Leo mwache Kapteni Vick apumzike. Upepo niliusoma mimi, nikamwambia umezidi. Akanisikiliza pale pale, hakubishana. Nimekutana na wengi ambao wangebishana."

Mzee Tervo akakuna kidevu. Kisha akamwendea Vick, akampa mkono.

Alasiri upepo ukalegea, tukarudi angani. Vick akamwachia Rhonda kutua, akatutangazia hivyo. Ningependa kusema alitua kama unyoya, lakini ndege ilidunda mpaka makabati ya juu yakalia.

"Huyo sasa ndiye Rhonda wetu!" akapaza sauti Tervo kutoka nyuma, na ndege nzima ikapiga makofi.

Wafanyakazi wa uwanja, wengi wao waliokuwa wenzetu Birchline, walikuwa wametoka nje kwenye baridi ile kuitazama ndege kubwa ikiingia. Rhonda akafungua dirisha la pembeni, akawapungia.

Mpaka leo hajarudi kiti cha kushoto, na kwa jinsi foleni ilivyo huenda umri utamshusha kabla. Nilimuuliza kama jambo hilo linamuuma. "Siku nyingine linauma," akasema, akaishia hapo.

Lakini jioni ile alikuwa na furaha. Tulipaswa kulala Marquette, naye akakataa katakata tule hotelini. Mumewe Arvid alikuja na gari, akatupeleka kwake. Kulikuwa na mchuzi wa nyama ya paa aliyemwinda mwenyewe, viazi, na mkate wa shayiri nyeusi. Vick, ambaye hakuwahi kuonja nyama ile, aliionja kwa ncha ya uma, akaitafakari, kisha akasogeza sahani aongezewe.