Fundi Kesho na Majina Matatu

Fundi Onésime Ntirenganya wa Katoyi, mtaa wa Goma, alikuwa na neno moja alilolisema kila siku kwa uhakika, nalo ni kesho. Suruali yangu iko tayari? Kesho. Na gauni la ubatizo? Kesho, mama, kesho asubuhi. Hata siku alipovuka mpaka kwenda Musanze, Rwanda, kutoa mahari ya Emerance, yeye na wajumbe wake walifika wakati wakwe wanaosha sahani. Tangu siku hiyo, miaka tisa sasa, huko ukweni hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Aliitwa Mukwe Kesho. Mashemeji walilisema wakicheka. Mama mkwe, bibi Mukagasana, alilisema bila kucheka, na hilo ndilo lililomuuma.

Emerance alikuwa huko Musanze wiki mbili, akimsaidia Bénita, mke wa kaka yake, ambaye alikuwa amejifungua msichana. Siku ya nane mtoto angepewa jina, na bibi Mukagasana alitaka kazi hiyo ifanywe kama zamani: watoto wadogo wa ukoo walime kidogo nyuma ya nyumba, wakimbie kurudi, wanawe mikono, wale pamoja kwenye ungo mmoja, kisha kila mmoja aseme jina analompa mwenzao mpya. Bila watoto, hakuna jina.

"Mama amesema wafike mbele ya saa sita," Emerance alisema kwenye simu. "Wasipofika ataita wa jirani. Na unajua atasema nini juu yako."

"Watoto watatu, Emerance, hiyo ni kazi gani? Mimi nabeba mabalo ya vitambaa mpaka huku Katoyi."

"Vitambaa havikojoi," alisema Emerance, akakata simu.

Watoto wenyewe walikuwa hivi. Chance, msichana wa miaka minane, alisema ukweli hata pale ambapo hakuna aliyeuomba. Rodrigue, miaka mitano, alifanya anachoambiwa, tena kwa nguvu zote. Landry, miaka mitatu, alikuwa ameamua tangu mwezi uliopita kwamba kutembea si kazi yake.

Safari hii Onésime alijipanga. Nguo tatu za kitenge kimoja alizimaliza Alhamisi, siku mbili kabla ya siku yenyewe, na majirani wakaja kuzitazama kama watu wanaotazama mzimu. Mizigo yote aliitia kwenye mifuko ya kitambaa aliyoishona mwenyewe, maana sashe za plastiki zimekatazwa ng'ambo. Na kila jioni aliwapanga watoto kwenye benchi, pakiti ya biskuti mkononi, kila mmoja ajifunze jina ambalo angempa mtoto.

"Chance. Mutu akikuuliza jina, unasema nini?"

"Nizeyimana."

"Biskuti. Rodrigue?"

"Munyaneza."

"Biskuti. Landry, jina?"

"Biskuti."

"Tuyisenge, mwanangu. Sema Tuyisenge."

Ilichukua siku nne na pakiti mbili, lakini kufikia Ijumaa ungeweza kumwamsha Landry usingizini ukamwuliza jina, naye akajibu Tuyisenge kabla hajafungua macho.

Jumamosi saa moja na nusu walikuwa mpakani, Petite Barrière, kwenye foleni ya wanawake wenye mabeseni. Onésime alikuwa ameifanya hesabu yake ya muda. Karatasi za watoto zilikuwa sawa, muhuri juu ya muhuri. Mpakani dakika kumi, pikipiki mpaka kituo cha basi dakika saba, basi ya saa tatu. Angefika ukweni mbele ya saa sita bila kukimbia.

Ajenti wa upande wa Goma alisoma karatasi, akainama kwa upole kwenye dirisha lake.

"Na wewe, kijana, unaitwa nani?"

"Munyaneza," alisema Rodrigue, kifua mbele.

Ajenti akarudi kwenye karatasi. "Hapa wameandika Rodrigue. Na huyu mudogo?"

"Tuyisenge," alisema Landry, akanyoosha mkono apewe biskuti.

Ajenti alimtazama Onésime taratibu, kuanzia viatu kwenda juu. "Papa, hawa watoto ni wa nani?"

"Ni wangu, chefu. Haya ni majina ya mutoto mwingine."

"Mutoto gani mwingine?"

"Ambaye bado hana jina."

Akasikia mwenyewe jinsi maneno hayo yalivyokaa vibaya. Chance akaona baba yake anahitaji msaada.

"Papa ndiye alitufundisha kujibu hivyo," alisema kwa sauti safi ya darasani. "Kila jioni. Tukikosea, hatupati biskuti."

Waliondolewa kwenye foleni wakasimamishwa kando ya ukuta. Onésime alieleza mambo ya siku ya nane, akaeleza ungo, akaeleza kulima, na kadiri alivyozidi kueleza ndivyo ajenti alivyozidi kuandika. Dakika kumi zikapita, zikafuata kumi nyingine. Landry alikaa chini.

Aliyewaokoa alikuwa mama mmoja kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, ambayo watu wenye miguu iliyokataa kazi huitumia kuvusha bidhaa mpakani. Jina lake Nshobole. Kila asubuhi alivuka na sanduku tupu la nyuma na kila mchana alirudi nalo limejaa nyanya, na hakuna ajenti ambaye hakumjua.

"Chefu," alisema bila kusimamisha mikono, "acha kusoma karatasi. Soma masikio."

Ajenti aliinua kichwa. Onésime alikuwa na masikio makubwa yaliyosimama wazi kama milango ya kabati. Rodrigue vilevile, Landry vilevile. Chance alijaribu kuyaficha yake kwa mikono.

"Masikio kama yale hayaibiwi," alisema Nshobole. "Nani angeyataka?"

Foleni yote ikacheka. Ajenti hakucheka, ila mdomo wake ulisogea kidogo. Akaomba namba ya mama wa watoto, akapiga, akaweka simu wazi. Kabla hajamaliza kujitambulisha, sauti ya Emerance ilijaa pale kibandani: "Uko wapi? Mpakani mpaka sasa? Saa ngapi hii? Onésime, mama yangu ameshapika maharagwe, na nilikuambia wewe..."

Ajenti akaisogeza simu mbali naye. "Huyu ni mke wako kabisa," alisema, akapiga muhuri. "Pita, papa. Pole na kazi."

Upande wa pili waliwapokea vizuri na haraka. Hata hivyo, walipotoka barabarani ilikuwa imebaki nusu saa tu kufika saa tatu. Onésime akainua mkono, pikipiki ikasimama, naye akafanya vile ambavyo mtu yeyote wa Goma angefanya. Alimweka Landry kwenye tangi, akampandisha Rodrigue, akapanda mwenyewe, akamvuta Chance nyuma yake na mifuko mapajani.

Motari alizima injini na kumpa kofia moja ngumu. "Mutu mumoja, kaske moja."

"Tunaenda kituo tu. Goma tunapanda hivi hivi, na mfuko wa makaa juu."

"Goma iko nyuma yako, papa. Mushuke."

Wakashuka. Onésime akajipa moyo. "Si neno. Basi itangoja ijae."

Motari alimtazama kwa huruma ya kweli. "Hii ya hapa haingoji kujaa. Inangoja saa."

Hapo ndipo Onésime alipoelewa. Alizoea minibasi za Rutshuru, ambazo dereva hupiga honi ya kuondoka, akaenda kunywa chai, akarudi, akapiga tena. Aliiona sasa, wazi kama picha ukutani: watoto wa jirani wamezunguka ungo, bibi Mukagasana anatazama mlango, halafu hatazami tena. Akamtupa Landry begani na kuanza kutembea. Hatua mia moja, Rodrigue akapoteza kiatu. Hatua mia mbili, Chance akaanza kuhesabu dakika kwa sauti. Rodrigue akauliza kama ng'ambo nako watu wanakunywa maji, akapewa chupa nzima, akaimaliza yote.

"Fundi Masikio," ilisema sauti nyuma yao. "Unasafiri au unahama?"

Nshobole alisimamisha baiskeli yake, akagonga sanduku tupu. "Weka wadogo humu. Mimi nasukuma kwa mikono, wewe unasukuma nyuma, huyu dada anabeba mifuko. Na koti uvue, usije ukasema nimekuharibia."

"Mama, nitakulipa namna gani?"

"Utanishonea. Lakini si kesho. Kila mutu wa Katoyi anakujua."

Basi fundi Onésime, kwa suruali yake ya sherehe, alisukuma sanduku la nyanya kwenye mlima, akihema kama mvukuto, huku Landry akipiga kengele iliyofungwa kwenye sanduku kwa mkono mmoja na kuwapungia watu kwa mwingine. Nshobole alikuwa na habari za kusimulia njia nzima. Alishavusha vitunguu, magodoro, hata mbuzi wa padri. "Lakini watoto wenye majina ya uongo," alisema, "hao ni wa kwanza."

Onésime, pamoja na kuhema kote, alikumbuka kwamba kurudi kungepita dirisha lile lile. Akawaambia watoto kati ya pumzi na pumzi: "Musikie vizuri. Kuanzia sasa... mutu akiwauliza jina... munasema majina yenu. Yenu wenyewe. Tena mumwambie na munakotoka."

"Hata kama hakuna biskuti?" aliuliza Rodrigue.

"Biskuti mbili."

Walifika kituoni saa tatu kasoro dakika moja. Basi iliondoka mguu mmoja wa Onésime ukiwa bado nje. Landry alilia mpaka mji ukaisha, si kwa uchovu, bali kwa sababu aliachana na kengele.

Njia ya Musanze inapanda na kupinda. Kwenye kona ya tatu, Rodrigue aliyekaa mapajani mwa baba yake akatulia sana, utulivu ambao mzazi yeyote angeujua. Onésime hakuujua mpaka alipouhisi. Maji ya ile chupa nzima yalimshukia polepole, ya moto, mpaka kwenye soksi. Alitazama dirishani. Vitambaa, aliwaza, havikojoi.

Saa sita kasoro dakika kumi waliingia uani. Watoto wa jirani walikuwa tayari wamepangwa, vijembe vidogo mikononi. Bibi Mukagasana alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Alimtazama mkwewe: koti mkononi, shati limeganda mgongoni, suruali yenye ramani mapajani, na mtoto mwenye kiatu kimoja. Kisha akatazama jua.

"Hao wa jirani nao walime," alisema. "Lakini wangu watasema kwanza."

Watoto wakalima hatua mbili tatu. Emerance akawarushia maji kwa mkono kama mvua, wakakimbia wakipiga kelele, wakanawa, wakakaa kuzunguka ungo wa maharagwe na mahindi. Onésime alisimama pembeni, akiwa amejifunga kitenge cha shemeji kiunoni, moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Alikuwa amefika.

"Chance," alisema bibi, mtoto mchanga mapajani. "Jina?"

"Nizeyimana."

Wakubwa wakapiga makofi. Bibi akageuka. "Na wewe. Jina?"

Rodrigue alisimama, mdomo umejaa maharagwe. Akamtazama baba yake. "Rodrigue Ntirenganya," alisema kwa nguvu zote. "Natoka Katoyi."

"Huyu ni msichana," alisema bibi. "Sema jina, mwanangu."

"Rodrigue Ntirenganya. Natoka Katoyi." Akanyoosha vidole viwili kwa ajili ya biskuti mbili.

Onésime alifunga macho. Bibi akamgeukia wa mwisho, ambaye hakuwa amemwona tangu alipozaliwa. "Na wewe mudogo, unampa jina gani?"

Landry hakuwa na habari ya Tuyisenge wala ya Landry. Tangu saa tatu alikuwa na mtu mmoja tu kichwani. "Nshobole," alisema. "Na kengele."

"Nshobole ni nani?" aliuliza bibi Mukagasana, na macho yote ya ukweni yakamgeukia fundi.

Hapakuwa na pa kujificha. Akasimulia: biskuti, dirisha, masikio, kaske moja, sanduku la nyanya, mlima, basi isiyongoja. Alipofika kwenye kona ya tatu hakuhitaji kusema neno. Alifungua tu kitenge kidogo. Mashemeji walikuwa wameshikana mabega. Bénita alisema mshono wake unauma, anyamaze. Na bibi Mukagasana, ambaye miaka tisa hakuwahi kumpa mkwewe hata nusu ya kicheko, alianza kutikisika kiti kizima, kimya kimya, mpaka mtoto mapajani naye akatikisika na kuamka.

Mtoto aliandikwa Nizeyimana, chaguo la Chance. Kuandikwa ni jambo moja. Jioni ile ile nyumba nzima ilikuwa inasema Nshobole amelia, Nshobole amelala, na Landry alimsimamia kama mwenye mali.

Kicheko kilipotulia mchana ule, bibi alifuta macho kwa kitambaa chake, akasogeza sahani iliyofunikwa, ambayo kumbe ilikuwa imewekwa kando tangu asubuhi.

"Onésime," alisema. "Kaa ule."

Ilimchukua fundi muda kuelewa kwamba ameitwa yeye. Alikaa. Alikula taratibu, maana ukimaliza sahani kama ile upesi, imekwisha.

Emerance akaja kukaa karibu naye, akanusa kidogo, akasogea mbali kidogo. "Watoto watatu," alisema. "Ni kazi gani?"

"Hakuna kazi," alisema Onésime. "Ila kurudi utawavusha wewe. Unarudi nyumbani lini?"

Emerance alichukua kipande cha hindi kwenye sahani yake, akakitafuna mpaka kikaisha.

"Kesho, fundi," alisema. "Kesho asubuhi."